Sura ya Saba: Mshale Usiotulia

Mshale wa mizunguko ukianza kurukaruka kwenye pikipiki kuukuu, ushauri wa kwanza utakaoupata kijiweni ni kununua mita nyingine. Mita inanunuliwa, inafungwa, na mshale wake nao unaruka vilevile. Hapo ndipo mwenye chombo anapong'amua kwamba fedha yake imebadilisha kitu ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Mita ya mizunguko, ile ambayo gereji nyingi huiita RPM kwa sababu ya herufi zilizoandikwa usoni mwake, haijui chochote yenyewe. Hupokea habari kutoka kwenye injini, ama kwa kebo inayozunguka ama kwa waya wa umeme, kisha huzigeuza habari hizo kuwa mwendo wa mshale. Kwa hiyo mshale ukicheza, yapo mambo matatu ya kushuku. Huenda injini inapanda na kushuka kweli, na mita inasema yaliyopo. Huenda habari zinaharibika njiani. Huenda mita yenyewe imechoka. Sura hii inayafuata kwa utaratibu huohuo, maana ndio utaratibu wa gharama: mawili ya kwanza hupimwa kwa sikio, kwa jicho na kwa vifaa vya bei ndogo, na la tatu linadai kufungua mita iliyozibwa kiwandani.

Pikipiki tunazozizungumzia ni hasa zile za miaka ya 1970 hadi 1990: Yamaha DT na Honda XL zilizowahi kutumiwa na misheni, miradi ya maendeleo na mabwana shamba, Honda na Suzuki za barabarani, Triumph na ndugu zake wa Uingereza, na zile za Kichina zenye injini ya mtindo wa Honda CG125, ambazo nazo sasa zimeshakula chumvi. Bodaboda nyingi hazina mita hii kabisa, zina spidomita na taa ya nyutro basi.

Je, mshale unadanganya?

Usiguse hata spana moja kabla ya kulijibu swali hili. Kuna njia ya kulijibu bila kifaa chochote.

Pikipiki ikiwa kwenye gia ya mwisho na klachi imeachiwa, krankishafti na gurudumu la nyuma vimefungamana kwa gia na cheni. Kimoja hakiwezi kuongeza mwendo kingine kikabaki nyuma. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, shika kilomita 60 kwa saa, mkono wa mafuta utulie. Kama spidomita haichezi na mlio wa injini ni uleule, lakini mshale wa mizunguko unatoka 4,000 kwenda 6,000 na kurudi, mshale huo ni mwongo. Injini haiwezi kubadilika kiasi hicho na gurudumu lisijue.

Sasa panda mlima kwenye gia ya juu na uvute mafuta kwa nguvu. Mshale ukipaa na mlio ukapaa nao, lakini kasi ikabaki palepale, basi mita ni nzima. Klachi inateleza: ama sahani zake zimekwisha, ama kebo yake imekazwa mno hata haiachii vizuri. Wapo waliobadilisha mita kwa sababu ya klachi.

Jaribio la tatu hufanywa pikipiki ikiwa imesimama, injini iko silensa, yaani inanguruma polepole bila kuguswa mafuta. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mlio ukipanda pamoja na mshale, kebo ya mafuta imebana au imepitishwa vibaya. Rekebisha siku hiyohiyo, maana pikipiki inayojiongezea mafuta kwenye kona inaweza kukuangusha. Mlio ukibaki vilevile lakini mshale ukaruka, kuna waya unaokatika ndani ya ganda lake pale nyaya zinapopita kwenye shingo ya usukani. Mahali hapo nyaya hukunjwa na kukunjuliwa kila siku, miaka nenda miaka rudi.

Na kama silensa yenyewe inapanda na kushuka, tazama raba inayounganisha kabureta na injini. Raba ya zamani hupasuka, hewa ikapenya, mchanganyiko wa mafuta ukapwaya. Nyunyizia maji kidogo kuizunguka raba. Mlio ukibadilika palepale, umepata pa kuanzia. Injini za mipigo miwili, kama zile za DT, kwa asili haziwaki kwa usawa zikiwa silensa, na mshale kutetemeka kidogo hapo si ugonjwa.

Mita ya kebo

Ukishathibitisha kwamba mshale unadanganya, fuata kinachotoka mgongoni mwa mita. Ukikuta kebo nene iliyofungwa kwa nati ya duara, mita yako ni ya kimekanika. Upande wa pili kebo hiyo huingia kwenye injini: kwenye Honda CB750 ya mwaka 1969 huingia kwenye silinda hedi, ambako inazungushwa na kamshafti, kwenye injini nyingi za mipigo miwili huingia kwenye kava la pembeni.

Ndani ya mita, kebo inazungusha sumaku. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chembamba cha alumini ambacho hakigusani nayo popote, na kwenye ekseli ya kikombe ndipo mshale ulipobanwa. Mwaka 1824 Mfaransa François Arago alionyesha kwamba bamba la shaba likizunguka huikokota sindano ya sumaku iliyo karibu nalo, ingawa shaba yenyewe hainaswi na sumaku. Michael Faraday alieleza sababu yake mwaka 1831: metali ikipishana na sumaku, mikondo ya umeme huzaliwa ndani ya metali hiyo, na mikondo hiyo hujitengenezea nguvu yake ya sumaku. Mwaka 1902 Otto Schulze wa Strasbourg akapata hataza ya spidomita inayotumia jambo hilohilo. Ukikoroga uji kwenye bakuli jepesi linaloelea ndani ya beseni la maji, bakuli nalo huanza kuzunguka ijapokuwa mwiko haujaligusa. Kikombe cha mita hukokotwa namna hiyo, ila springi nyembamba inakizuia kisizunguke moja kwa moja. Sumaku ikienda kasi zaidi, kikombe huvutwa zaidi dhidi ya springi, na mshale hupanda.

Katika mpangilio huu kuna sehemu nne za kuharibika, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni kebo iliyokauka grisi. Utumbo wa kebo ni nyuzi za chuma zilizosokotwa tabaka juu ya tabaka. Ukikauka, unang'ang'ania kwenye ganda lake, injini inaendelea kuusokota, kisha unaachia ghafla. Mshale huruka juu na kurudi, tena na tena, hasa kwenye mizunguko midogo, na wakati mwingine utasikia kebo inalia. Vuta utumbo nje, uoshe kwa mafuta ya taa, ukaushe, halafu uviringishe polepole juu ya meza. Ukiwa mnyoofu utabingirika kwa ulaini. Ukiruka mahali, pale umepinda, na hakuna grisi itakayouponya. Tazama pia ncha zake za mraba. Zikiwa zimelika hata kona zimekuwa duara, zinateleza ndani ya tundu.

Paka grisi nyepesi, lakini uache sentimita 15 za upande wa mita bila kupaka. Kebo inapozunguka hupandisha grisi juu, na ikifika kwenye mita hujaa katikati ya sumaku na kikombe. Hapo kikombe hakivutwi na sumaku pekee, kinaburutwa na grisi yenyewe, na mshale husoma zaidi ya ukweli, hasa asubuhi ya baridi grisi ikiwa nzito.

Sehemu ya pili ni njia ya kebo. Ikipindwa kwa kona kali, au ikibanwa na taa ya mbele baada ya pikipiki kuanguka, mshale utayumba hata kama utumbo ni mpya. Kebo ya pikipiki nyingine iliyolazimishwa nayo ina shida yake: utumbo ukiwa mrefu kuliko unavyotakiwa, unaisukuma sumaku juu mpaka iguse kikombe, na mshale unakwenda mpaka mwisho wa namba na kubaki huko.

Ya tatu ni gia ndogo iliyo ndani ya injini. Meno yakiisha, mshale huanguka kwenye sifuri na kurudi bila mpango. Pale pia kuna sili ya oili. Sili ikifa, oili hupanda ndani ya kebo kama maji kwenye mrija, na siku moja utaikuta nyuma ya kioo cha mita.

Ya nne ni mita. Bushi ya ekseli ikikauka, mita hulia na mshale hutetemeka. Kuna jaribio zuri la kuipima: chomoa kebo upande wa injini, ibane ncha yake kwenye drili inayokwenda pande zote mbili, na uizungushe polepole. Hakikisha inazunguka upande uleule inaozungushwa na injini. Ukikosea, mshale utajikandamiza kwenye kizuizi chake cha chini, na nyuzi za utumbo zinaweza kujifungua. Mshale ukipanda na kutulia, kebo na mita ni nzima, shida iko kwenye gia. Ukiendelea kuruka, chomoa kebo kwenye mita na uizungushe mita peke yake. Mita nyingi za kampuni ya Smiths zina uwiano ulioandikwa usoni, kwa mfano 4:1, maana yake injini inazunguka mara nne kebo ikizunguka mara moja. Drili ya mizunguko 1,000 kwa dakika inatakiwa isomeke 4,000.

Smiths hiyohiyo ina mita nyingine inayowachanganya wengi. Triumph, BSA na Norton za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilifungwa mita za kronometriki, ambazo hazina sumaku. Ndani yake mna mtambo wa saa unaopima mizunguko kwa vipindi vifupi, na mwisho wa kila kipindi husogeza mshale. Mshale wa namna hiyo hupanda kwa hatua, kituo baada ya kituo. Ndivyo ulivyoumbwa, na mwenye nao asikubali aambiwe kwamba ni mbovu.

Mita ya umeme

Mgongoni ukikuta nyaya tupu, mita yako inahesabu cheche. Nyaya zenyewe, ukiacha za taa, ni tatu: moto, eathi, na ule unaoleta habari kutoka kwenye mfumo wa kuwasha plagi. Kila koili inapofyatuka, waya huo wa tatu hupeleka mshtuko mmoja. Saketi ya mita huugeuza kila mshtuko uwe wa ukubwa mmoja, hukusanya wastani wake, na wastani huo ndio unaosukuma mshale. Injini nyingi za silinda moja hutoa cheche kila mzunguko wa krankishafti, hata za mipigo minne, ambazo kwa haki zinahitaji cheche moja kila mizunguko miwili. Hiyo ya ziada hulipuka bure wakati moshi unatoka. Kwa hiyo cheche 20 kwa sekunde ni mizunguko 1,200 kwa dakika.

Mita ya aina hii inaweza kudanganywa kwa njia tatu: umeme wake usipotulia, cheche za uongo zikihesabiwa, na cheche za kweli zikikosa kufika. Tuanze na umeme, kwa sababu ndiko wengi wanakoponea.

Washa indiketa injini ikiwa silensa. Mshale ukicheza kwa mapigo ya taa, huna haja ya kutafuta mbali: eathi ni dhaifu au betri imechoka. Chukua waya wowote wa urefu wa kutosha, unganisha eathi ya mita moja kwa moja na hasi ya betri. Mshale ukitulia, kosa ni eathi. Fuatilia pale nyaya za eathi zinapofungwa kwenye fremu. Utakuta rangi, kutu au boliti iliyolegea. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake kuzuia unyevu.

Mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kuwa na uhakika zaidi. Weka kipimo kwenye volti za betri, ncha moja kwenye eathi ya mita ya mizunguko, nyingine kwenye hasi ya betri, washa taa zote. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, eathi hiyo haifai. Fanya vilevile kati ya chanya ya betri na waya wa moto wa mita. Hapo nusu volti ndiyo kikomo cha kuvumilia, kwa kuwa umeme umepita kwenye fyuzi, swichi ya funguo na soketi kadhaa, na kila soketi chafu imekata ushuru wake.

Kisha pima betri. Kwenye mfumo wa volti 12, betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Injini ikipigwa resi ya wastani, inatakiwa ipande mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, chaji haifiki. Ikipita 15, reguleta, kile kifaa cha kudhibiti chaji, imekufa, na mshale utakuwa unaanza kucheza kila unapofika mizunguko fulani. Pikipiki za volti 6, nyingi za miaka ya 1970, zipime kwa nusu ya namba hizo.

Rektifaya nayo hufa nusu. Kazi yake ni kugeuza umeme wa stata, zile koili za kuzalisha umeme ndani ya injini, unaokwenda na kurudi, uwe wa upande mmoja. Diodi moja ikiungua, mawimbi yanapenya mpaka kwenye mita. Weka kipimo kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi, ile alama ya wimbi, pima kwenye vichwa vya betri injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 hivi. Zaidi ya nusu volti inatia shaka. Lakini anza kwa kupima injini ikiwa imezimwa: vipimo vya bei rahisi huonyesha volti hata pale ambapo hakuna wimbi, na kipimo chako kikifanya hivyo, azima kingine.

Kuna jambo ambalo mafundi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanalijua vizuri. Betri ikifa kwenye pikipiki za mtindo wa CG, wengi hawanunui nyingine.

"Betri ya nini, fundi, na inawaka kwa kiki?"

"Inawaka, kaka, ila taa zitakuungulia."

Fundi yuko sahihi. CDI nyingi za pikipiki hizo, vile visanduku vinavyofyatua cheche, hupata nguvu kutoka kwenye koili yake ndani ya stata, kwa hiyo injini huwaka bila betri. Lakini betri ndiyo inayotuliza umeme wote wa chombo. Ikiondolewa, volti hupanda na kushuka kwa kila mzunguko, taa huungua, na mita ya mizunguko hucheza ngoma isiyo na mwenyewe. Rudisha betri nzima kabla hujafikiria kosa lingine lolote.

Kofia ya plagi

Cheche za uongo zina dalili moja: mshale hurukia juu kuliko mlio wa injini, kamwe hauanguki chini yake. Kila cheche ya plagi ni radi ndogo inayorusha mawimbi pande zote. Ili kuyapunguza, watengenezaji huweka rezista kwenye plagi au kwenye kofia yake. Plagi za NGK zenye rezista zina herufi R katika jina: DR8EA inayo, D8EA haina. Kofia za NGK zenye rezista mara nyingi ni za omu 5,000.

Miaka ikipita, plagi hununuliwa yoyote iliyopo dukani, kofia iliyopasuka hubadilishwa na isiyo na rezista, na pikipiki hubaki inarusha mawimbi moja kwa moja kwenye waya wa mita. Ichomoe kofia kwenye waya wake, pima omu kutoka ncha moja hadi nyingine. Ukisoma karibu na sifuri, haina rezista. Kipimo kisipoonyesha kitu kabisa, rezista imekatika na cheche inaruka pengo ndani ya kofia, jambo ambalo ni baya zaidi. Baada ya hapo washa injini usiku mahali penye giza, mkono ukae mbali. Waya wa plagi uliochakaa utauona unatema vimulimuli vya buluu kuelekea kwenye fremu. Waya wa mita usiufunge pamoja na waya wa plagi, hata kama mpangilio unapendeza macho.

Mshale na sikio

Sasa tufike kwenye cheche za kweli zisizofika. Hapa mita ya umeme inaweza kukusaidia kuliko kifaa chochote cha gereji, kwa sababu inahesabu cheche na haihesabu mizunguko. Tofauti hiyo huonekana siku injini inapokata ukiwa njiani.

Chukulia uko kwenye kilomita 70 kwa saa, gia ya nne, na injini inakosa nguvu ghafla. Klachi hujaishika, kwa hiyo gurudumu la nyuma bado linaizungusha krankishafti. Tazama mshale. Ukianguka sifuri kwa mara moja, hali pikipiki bado inakwenda, cheche imekatika: tafuta kwenye swichi ya kuzimia, soketi ya CDI, na palsa, ile koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kufyatua. Mshale ukishuka taratibu sambamba na kasi, umeme wa kuwashia bado upo. Tafuta kwenye mafuta: koki iliyoziba, tundu la hewa la kifuniko cha tangi, kabureta yenye uchafu. Na mshale ukianguka wakati injini inaendelea kuvuma kama kawaida, cheche ipo ila habari yake haifiki. Tafuta kwenye waya wa tatu na soketi zake.

Mtazamo huo wa sekunde moja hukuambia ufungue tangi au ufuate nyaya. Una mpaka wake, nao ni kwamba mita huhesabu upande wa kwanza wa koili. Plagi iliyokufa au waya wa plagi uliokatika hauonekani kwake. Mshale utasimama vizuri na injini itakuwa inakata. Mita ya kebo haiwezi kazi hii hata kidogo, maana hiyo hufuata chuma kinachozunguka, iwe cheche ipo au haipo.

Mshale unaokufa pamoja na injini baada ya kwenda kwa muda, kisha vyote vikarudi pikipiki ikipoa, huelekeza kwenye palsa. Waya wake mwembamba hutanuka kwa joto na kuachana. Pima omu zake ikiwa baridi, kisha ikiwa moto, na ulinganishe na kitabu cha pikipiki. Kipimo kisiposoma kitu ikiwa moto, jibu unalo. Kwenye pikipiki zinazofyatua cheche kwa pointi badala ya CDI, fungua kava utazame nyuso za pointi. Zikiwa zimeungua na kuota vishimo, kondensa imechoka, na kila cheche inaweza kuhesabiwa mara mbili au isihesabiwe.

Kabla ya kugusa waya wowote, jua rangi za kampuni yako. Kwenye Honda, na zile za Kichina zilizofuata mtindo wake, kijani ni eathi, mweusi ni moto wa swichi, na mweusi wenye mstari wa njano hutoka CDI kwenda kwenye koili. Kwenye Kawasaki, mweusi wenye mstari wa njano ni eathi. Yamaha hutumia mweusi kwa eathi na kahawia kwa moto. Suzuki hutumia mweusi wenye mstari mweupe kwa eathi na chungwa kwa moto. Fundi aliyezoea Honda akikata waya wa Kawasaki kwa mazoea, atatengeneza kosa jipya juu ya lile alilolikuta. Tena, waya unaotoka CDI kwenda koili hubeba mamia ya volti injini ikiwaka. Usiushike kwa mkono, na usiuchomeke kipimo cha umeme ambacho hakikutengenezwa kwa volti hizo.

Kuifungua mita

Ukiwa umepita kote huko na mshale bado unacheza, sasa ishuku mita. Injini ikiwa silensa, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Mshale ukiruka kila unapogonga, kuna kiungo cha risasi kilichopasuka kwenye saketi. Miaka mingi ya mtikiso na jua hufanya hivyo, na ufa wake ni duara jembamba kuzunguka mguu wa kifaa, huonekana kwa lenzi. Kuupasha moto upya kwa chuma cha kuchomea risasi ni kazi ya dakika chache kwa fundi redio.

Kapasita nazo hukauka. Iliyovimba au iliyovuja ibadilishwe kwa yenye mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua zile za mwanzo, na upande wa hasi uelekee ulikokuwa. Kazi ngumu zaidi ni kuufungua ukingo wa chuma ulioubana mfuniko bila kuvunja kioo, na kuurudisha usipitishe maji. Mita ikiwa adimu, mpe aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Ukilazimika kununua nyingine, uliza inahesabu mishtuko mingapi kwa mzunguko. Mita ya gari la silinda nne lenye koili moja hutegemea mishtuko miwili kila mzunguko. Ukiifunga kwenye pikipiki inayotoa mmoja, mizunguko 3,000 itasomeka 1,500. Mshale utatulia vizuri kabisa, na kila utakachosoma kitakuwa uongo.

Si kila mshale unaocheza unastahili kusimamisha safari. Kebo kavu itakungoja mpaka Jumamosi. Mita iliyochoka unaweza kuishi nayo, ukaendesha kwa kusikiliza mlio, kama wanavyofanya wote ambao hawakuwahi kuwa na mita. Lakini mshale unaocheza kwa sababu chaji imepita volti 15 usiupe hata siku moja. Reguleta hiyo inachemsha betri chini ya kiti chako, inaunguza taa unazozitegemea usiku, na kitakachofuata kuungua ni CDI yenyewe kama inapata nguvu kutoka kwenye betri. Kipimo cha umeme kwenye vichwa viwili vya betri, injini ikiwa imepigwa resi, ndicho kinachoitenga hali hiyo na zote nyingine, nacho huchukua muda mfupi kuliko kubishana na mwenye duka la spea.